Kitambaa cha Jasho

Sogeeni, mnisaidie kuamua kesi inayonipandisha hasira kila nikiisimulia.

Walikuwapo dada watatu kwenye mashamba ya mpunga. Somoe alijaliwa masikio, Mize alijaliwa mbio na nguvu, Tatu alijaliwa mikono ya kuuguza. Mdogo wao, Masika, alizaliwa na ngozi kavu isiyotoa jasho, nywele chache, na meno machache yaliyochongoka. Jua likimpata, mwili huwaka moto.

Walipofiwa na wazazi, walilelewa na baba yao mdogo, Kwangaya, aliyelishika na shamba. Huko, wakati wa mavuno, mwenye shamba humpangusa kila mtu paji la uso kwa kitambaa cheupe. Kikilowa, unapakuliwa chakula. Kikibaki kikavu, wewe mvivu.

"Kikavu tena!" Kwangaya alifoka. "Leo utaamia ndege peke yako, na hushuki dunguni mpaka utoke jasho."

"Baba mdogo, unajua sitoki."

Alijua! Akampandisha juu ya dungu, kichanja cha kulindia mpunga, kisha akaiondoa ngazi.

Masika akawa anapiga debe kufukuza ndege. Adhuhuri, Somoe akiwa mbali mtoni na dada zake, alisikia debe limenyamaza. "Masika anakufa!" akapiga kelele.

Mize alitimua mbio, akaparamia dungu, akambeba mtoto mgongoni, akashuka naye amezimia.

Tatu alimfunika kanga zilizolowa, akampepea bila kupumzika hadi akafumbua macho.

Wazee wa kijiji wakamwita Kwangaya barazani, wakasema, "Aliyemwokoa ataje adhabu ya Kwangaya. Mmoja tu."

"Mimi," alisema Somoe. "Bila masikio yangu mngezika. Apandishwe dunguni, ngazi iondolewe."

"Kusikia hakumshushi mtu," alisema Mize. "Mimi nasema afukuzwe, mikono mitupu."

"Ulimshusha nusu maiti," alisema Tatu. "Niliyemrudisha ni mimi. Shamba ni la marehemu baba. Kwangaya alilime, sisi tule."

Masika akainuka, midomo imepasuka. "Dada zangu, ahsanteni. Lakini aliyeungua ni nani? Nipeni mimi kitambaa. Kila mavuno nitampangusa yeye, na nitakayesema kimelowa ni mimi."

Kijasho chembamba kikamtoka Kwangaya. Masika akampangusa, akakitazama kitambaa.

"Kimelowa," akasema. "Lakini hili si jasho la kazi."

Wazee wakashindwa kuamua. Mimi msiniulize, ningewapa wote wanne zamu. Haya, ninyi mnaosikiliza: adhabu ya Kwangaya mngemwachia nani aitaje?