Sanduku la Mama Mkwe

Bi Siwatu alipolalamika kwamba choo kimefurika, Shekiondo, msimamizi wa nyumba ile ya kupanga, aling'oa mlango wa chumba cha bibi huyo.

"Mpangaji mwenye mdomo atalala wazi!"

"Ahsante, baba. Mie naenda sokoni. Lile sanduku mle chumbani ni la shoga yangu, mama mkwe wako. Hataki liguswe. Likiibwa, utamweleza mwenyewe."

Nani amhoji mkwewe kama kweli ni lake? Shekiondo akakaa kizingitini juani akililinda hadi alasiri, kisha akaurudisha mlango.

"Sasa baki nyumbani ulilinde," akamsihi Bi Siwatu aliporudi.

"Na harufu ile ya choo? Siwezi, baba."

Choo kikazibuliwa siku hiyohiyo.

Jirani akanong'ona, "Sandukuni mna nini?"

"Matambara yangu ya kudekia. Maskini, leo nayo yamepata mlinzi."