Kiganja Ubavuni mwa Basi

Wapendwa, leo twendeni kiwandani kidogo, pale wanapounda mabodi ya mabasi. Kulikuwa na fundi mmoja aliyekabidhiwa mashine mpya ya brashi. Brashi zenyewe ni kubwa, zinajizungusha, zinapita juu ya bodi na ubavuni, zinafuta vumbi lote kabla ya rangi kupigwa. Kazi ya fundi ni kuiwasha, kuiangalia na kuizima.

Jamani, yule bwana alivimba! Siku ya kusafisha basi la kwanza alivaa viatu vya kanisani. Mkewe akamuuliza, "Baba watoto, unakwenda kazini au harusini?"

"Mke wangu, leo wewe njoo getini jioni. Utaona kitu kinatoka, na ujue kimepita kwangu."

Na kweli, bodi ilitoka safi, huoni hata unywele. Fundi akaitazama, moyo ukamjaa. Aondoke hivi hivi? Wewe ungeweza? Akavua glavu, akaweka kiganja ubavuni kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. "Kazi yangu hii!"

Bodi ikaingia kwenye rangi. Ilipotoka, ubavuni rangi ilikuwa imekataa kushika, kwa sababu ya jasho na mafuta ya mkono. Pakaonekana kiganja kizima. Na mkewe yuko getini, kitenge kipya, amekuja na majirani!

Fundi akawahi kusema, "Bosi, hii mashine ina kasoro."

Msimamizi akamtazama. "Fundi, mashine haina vidole."

Aibu iliyoje! Basi halikutoka siku ile. Rangi ikakwanguliwa, mashine ikapita upya, na fundi akasimama kando, mikono nyuma. Kesho yake likatoka linang'aa, mke akapiga vigelegele, na yule bwana akajivuna kuliko jana.

Sisi je? Mungu anatusafisha, tunatoka hatuna doa. Halafu tunaanza kujipiga kifua: ni maombi yangu, ni mfungo wangu, ni sadaka yangu. Rangi ikikataa, tunamgeukia Mungu: "Bwana, mbona hukunisafisha vizuri?" Ndugu yangu, vidole ni vya nani?

Sijasema msijivune. Jivuneni! Aliyesafishwa na Mungu asitembee ameinama kama mwizi wa kuku. Tembea kifua mbele, mtaa mzima ukuone. Ila mikono, mpendwa, mikono iweke nyuma.