Mji Uliokatazwa Kusema Karibu

Palikuwa na Sultani mmoja, Badi wa Mkunguni, aliyewapenda sana wageni wakiwa kwao. Siku ya arusi ya mwanawe alisikia ngoma, akajawa na furaha, akasimama na kutangaza: mgeni yeyote aliyekaa Mkunguni miaka mingi bila kosa, tangu leo ni mkaazi wa kudumu. Apewe hati. Vigelegele vikapigwa. Asubuhi Sultani akaamka, akakumbuka, akajipiga paji la uso.

Kulirudisha neno hakuweza. Neno la Sultani likirudi nyuma, kiti nacho hufuata. Akamwita Karani wa Wageni.

"Niondolee watu hawa bila kuwaondoa," akasema.

Karani alizaliwa kwa kazi hiyo. "Hati tutawapa, bwana. Ila hati isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga. Na muhuri una masharti yake."

Basi masharti yakaanza. Barua ya mjumbe wa mtaa. Barua nyingine ya mjumbe, kuthibitisha kwamba ile ya kwanza ni ya mjumbe. Alama za vidole, mkono wa kulia kwanza. Aliyeanza na wa kushoto arudi mwisho wa foleni. Wengi wakachoka, wakafunga mizigo.

Hakuchoka Zalhata, mshona kofia, mwanamke mwembamba kutoka visiwani. Angechokaje? Mama yake alikuwa kitandani, hawezi hata kuketi. Safari ingemwua njiani; kuachwa peke yake kungemwua nyumbani. Zalhata akapeleka barua zote na vidole vyote, tena kwa mpangilio.

Karani akapekua, akapekua tena, asione kosa. Akakuna kichwa.

"Limebaki moja," akasema. "Mji ni nyumba. Mtu haingii nyumba ya watu bila kukaribishwa. Asiyekaribishwa, kisheria, hajaingia. Lete mzaliwa wa Mkunguni akwambie 'karibu' mbele yangu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Mwisho Ijumaa. Ukikosa, unatolewa mjini."

Zalhata akaondoka anacheka. Hakujua kwamba mpiga mbiu alikuwa mitaani tayari: atakayemwambia mgeni karibu, atanyang'anywa nyumba.

Jamani, mji uliharibika! Kwa kuogopa kuteleza, watu waliliacha neno lenyewe, hata kwa wenyeji wenzao. Ukipiga hodi unajibiwa, "Naam, nimekusikia." Watu wakala wamefunga milango. Mzee mmoja alimwona mkwewe amesimama nje, akakosa la kumwambia, akajikohoza mpaka mkwe akaingia mwenyewe kumpiga mgongo.

Alhamisi alasiri, baada ya kupiga hodi mji mzima asipate wa kumkaribisha, Zalhata akaenda kwa Sultani. Alimkuta ukumbini na wazee wa mji, Karani kando yake, kahawa na sinia ya halua katikati. Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi!"

Sultani akafungua kinywa. Karani akamkonyeza. Kinywa kikafungwa, kikafunguliwa upya.

"Nani?"

"Zalhata, mshona kofia. Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Umekaribishwa?"

"Sijakaribishwa."

"Basi kesho utatoka."

"Nitatokaje, bwana, nami sijaingia?"

Sultani akamtazama Karani. Karani akaitazama kahawa yake.

"Usinichezee, mwanamke! Umo mjini, nakuona kwa macho yangu."

"Kumbe nimeingia?"

"Umeingia, ndiyo!"

"Basi nimekaribishwa. Karani wako kasema asiyekaribishwa hajaingia. Nigongeeni muhuri nikamnyweshe mama uji."

Mzee mmoja akaficha uso kwa ncha ya kilemba. Mabega yakamtikisika.

"Hujaingia!" Sultani akanguruma.

"Nashukuru. Basi kesho askari watamtoa nani?"

"Watakutoa wewe!"

"Kutoka wapi?"

 Sultani akafanya wafanyavyo wakubwa wakiishiwa jibu: akajifanya ana njaa. Akavuta sinia, akamega pande la halua, akalitia kinywani.

"Mazungumzo yamekwisha," akasema. "Nakula."

 Zalhata hakuondoka. Alisimama pale kizingitini, mikono ameifumbata, anamtazama akitafuna.

Nyinyi mlionizunguka hapa mmelelewa na watu, mnaijua adhabu ile. Ule, na mtu amesimama anakutazama, nawe humwambii neno! Afadhali uchapwe. Sultani akatafuna, halua ikawa ngozi ya kiatu. Akageukia upande wa pili. Akayahisi macho kisogoni. Akanywa kahawa, ikampalia. Wazee wakaacha kula mmoja mmoja, wakaanza kuchunguza vidole vya miguu yao. Na Sultani, pamoja na usultani wake wote, alikuwa na mama aliyemfunza adabu kwa makofi. Akamega kipande cha pili. Akakiinua. Mkono ukasita hewani.

"Karibu," akasema.

 Karani akafumba macho.

"Ahsante, bwana," akasema Zalhata. "Mzaliwa wa Mkunguni, mbele ya Karani. Muhuri uko wapi?"

"La, la!" Sultani akaruka, halua ikaanguka kanzuni. "Huo ulikuwa ulimi tu, umeteleza! Mimi mwenyewe sikusema kitu!"

"Nimekuelewa, bwana. Na ile amri ya kunitoa mjini, uliisema kwa kiungo gani?"