Moyo wa Chiriku

Wahenga hawakumwona anyamazaye kuwa mjinga wala mwoga. Walijua kuwa kimya cha muda mara nyingi huficha jambo kubwa lililo njiani. Mtangazaji mmoja wa mpira hakuliamini hilo mpaka alipolazwa kiubavu katika chumba cha kupimia moyo.

Watu walimwita Chiriku, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa na domo, acha tu! Hata usingizini alitangaza mechi, mkewe akawa msikilizaji wa lazima. Lakini siku hizo hakuwa akimaliza hata kipindi cha kwanza, alitweta utadhani yeye ndiye aliyekimbiza mpira. Kilango kimoja cha moyo wake kilikuwa kinavuja.

"Nikiona panapovuja, nitapashona," daktari wa upasuaji alimwambia. "Nisipopaona, itabidi nikutilie kilango cha chuma. Kile hugonga, tik, tik. Hata kipaza sauti kitakinasa."

Maneno hayo yalimkata maini. Mtangazaji anayegonga kama saa ya ukutani! Nani angemwajiri tena?

Picha za kawaida hazikuonyesha vizuri, hivyo binti mpimaji akawasha mashine ya picha za pande tatu. Akampaka jeli ya baridi, akakandamiza kifaa chini ya chuchu ya kushoto.

"Mzee wangu, mashine inachukua mapigo kadhaa na kuyaunga yawe picha moja. Nikisema bana pumzi, bana. Usiseme neno."

"Hilo tu? Dogo hilo!"

Akabana. Alipouona moyo wake mwenyewe ukicheza kwenye kioo, uzalendo ukamshinda. "Lo! Huyo anapanda, anashuka..."

Picha ikakatika, nusu huku, nusu kule, kama shati lililokosewa vifungo.

"Mzee!"

Wakarudia. Safari hii, katikati ya pumzi, akasema, "Samahani, binti." Ikakatika tena.

Mkewe akainuka kitini, akamshika mkono. "Baba watoto, umewasemea wachezaji maisha yako yote. Leo uache moyo ucheze, wewe tazama tu."

Chiriku akafumba mdomo, akabana pumzi. Ulimi ulimwasha, machozi yakamlenga, lakini hakufurukuta. Binti akaigeuza picha, na kilango kikaonekana kutoka juu, kizima, kikifunguka na kujifunga. Pale ukingoni, kipande kimoja kidogo kilichomoka kwa kila pigo.

"Pumua!" Binti nusura aruke. "Nimepaona! Daktari, njoo!"

Daktari akaja mbio, akainamia kioo, akacheka kwa furaha. "Kipande kimoja tu! Hiki nakishona. Chuma hatukitaki."

Chiriku alijaza mapafu, akaachia: "Goooooli!"

Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nje wakaruka vitini. Mmoja akauliza nani kafunga. Mke wa Chiriku akafungua mlango, analia huku anacheka, akawajibu:

"Msishtuke, jamani. Kimya kingi kina mshindo mkuu."