Mahali Saba Pasipotiwa Rangi

Wametupokeza wazee wetu, Mola awarehemu, na ajuaye zaidi ni Yeye, kwamba palikuwa na mji ambao liwali wake alinyang'anya shamba la mayatima. Kadhi alipotaka mashahidi, wanaume saba wa safu ya mbele ya msikiti wa Ijumaa walisimama wakasema walilolijua. Siku ya pili yake wote saba walikuwa gerezani, na kesi ikafa hapo. Mmoja wao aliitwa Mshuhame bin Shee.

Mshuhame alikuwa na dada, Bi Mwanatumu, mjane mcha Mungu na fundi wa kusuka mikeka. Hapakuwa na aliyemfikia katika mji ule kwa kutia rangi ukindu, yale majani ya mkindu ya kusukia. Mwezi wa tatu wa kifungo kile, liwali akamwagiza asuke mkeka mpya wa safu ya mbele, wenye nakshi nyekundu na nyeusi mwanzo hadi mwisho, ili watu wamshukuru kwa sadaka yake. Hakuna aliyemkumbusha kwamba fundi huyo ni dada wa mfungwa. Nani angethubutu?

Bi Mwanatumu akaingiwa na hofu kubwa. Akikataa, ataambiwa yu pamoja na waasi. Akiusuka kama ulivyoagizwa, atakuwa amempamba dhalimu kwa mikono yake mwenyewe, na kakake yumo kizuizini. Akaswali rakaa mbili za istikhara, kumwomba Mola amchagulie la heri, akakaa na chane zake, vile vipande vyembamba vya ukindu, akaanza. Inasemwa ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, ulimwendea upogo, haukunyooka, akaufumua, akaanza tena. Kila mlango ulipobishwa aliikunja kazi yake upesi. Sisi tunapenda kudhani kwamba waja wema hawakuogopa. Waliogopa sana, ndugu zangu.

Ijumaa ikafika, mkeka ukatandikwa. Nakshi yake ilikuwa ya kupendeza, ila mahali saba, kila mahali upana wa mtu mmoja, palikuwa na ukindu mtupu usiotiwa rangi. Watu wa msikiti ule hawakuhitaji kuelezwa. Ni pale pale walipokuwa wakisimama wale saba.

Baada ya khutba, imamu, Shekhe Nuruddini, akawageukia watu akawataka wanyooshe safu na wazibe mapengo. Hakusogea mtu. Akasema mara ya pili. Waliosimama karibu na mahali peupe wakakusanya miguu yao wasipaguse. Liwali alikuwa katikati ya safu, na mapengo yalikuwa kulia kwake na kushoto kwake. Akauliza kwa ghadhabu ni nani aliyeharibu mkeka wake.

Bi Mwanatumu alikuwa nyuma ya pazia la wanawake. Shekhe Nuruddini alikuwa mtu mwema lakini mwoga, akawahi kumtafutia pa kutokea.

"Bi Mwanatumu," akasema, "nadhani rangi ilikuishia."

Neno moja tu la kukubali lingemrudisha nyumbani salama. Watu wakangoja, na askari wa liwali walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni.

"Haikuniishia, shekhe. Iko tele nyumbani. Najua kuwa msikitini hakuna mwenye mahali pake mwenyewe. Lakini hawa hawakuondoka kwa hiari yao, waliondolewa kwa kusema kweli. Nilitaka kutia rangi mahali pao, mkono ukakataa."

Askari wakamtazama bwana wao. Wakati wa swala ulikuwa unakwenda, na liwali, pamoja na dhulma yake yote, aliona haya kuswali katika safu iliyokatika mbele ya mji mzima. Akatuma askari wakawafungulie wale saba.

Wakaja na nguo zao chafu, ndevu zimewajaa. Walikuwa sita. Kila mmoja akaenda mahali pake. Pakabaki mahali pamoja patupu, ubavuni mwa liwali. Mkubwa wao akasema kwa sauti ndogo kwamba Mshuhame alifariki Jumatatu kwa homa, na walinzi walimzika bila kuwaita watu wake.

Nyuma ya pazia Bi Mwanatumu akamwombea kakake rehema.  Liwali akaligeukia pazia la wanawake.

"Bibi, nani asimame hapa?"

"Simama wewe, bwana," akajibu Bi Mwanatumu. "Na kila Ijumaa usimame papo hapo, ujue palikuwa pa nani."

Akasogea, akasimama. Pale alipotoka pakajazwa na mchukuzi mmoja wa kuni, na swala ikaswaliwa. Shamba lilirudi kwa mayatima siku ile ile, kabla ya alasiri.

Basi, ndugu zangu, kila mmoja wetu ana kazi ya mikono yake, na iko siku ataombwa aipambe dhulma kwa kazi hiyo. Mola atutie nguvu siku hiyo. Mimi ninayekusimulieni, nikijipima kwa Bi Mwanatumu, nachelea kwamba ningesema rangi imeniishia.