Kigari cha Mzee na Kikohozi Chake

Wapendwa, mlioko karibu na mlango sogeeni mbele kidogo, maana habari hii sitaki kuipigia kelele.

Palikuwa na mzee mmoja katika mji mdogo wa milimani, mji wa baridi, ambako watu hawavui makoti mpaka saa sita mchana. Mzee huyu alikuwa na kigari. Nasema kigari, maana ninyi wenye magari mngekiona mngecheka. Kilikuwa kidogo, cha zamani, rangi yake imekwisha imekuwa kama majivu, na kilikaa uani juu ya mawe, hakina hata gurudumu moja. Majani yameota mpaka madirishani. Kuku walikipenda kuliko banda lao. Ukichungulia kiti cha nyuma unakuta mayai. Majirani walikiita mkweche, na wale wenye adabu walisema, "Kile kitu chako, mzee."

Sasa msicheke sana, maana kigari kile kilikuwa na habari yake. Zamani kilipokuwa kinatembea, kilikuwa na kikohozi. Ekzosi ilikuwa imetoboka na injini nayo ina kigugumizi, kwa hiyo kikipandisha mlima kilikwenda kho-kho-kho, kinanyamaza, halafu tena kho-kho. Jioni mzee akitoka kazini, mkewe alikisikia tangu kwenye kona ya mashine ya kusaga. Akikisikia tu, anabandika chai. Mzee anafika, chai inachemka.

"Umejuaje kama nakuja?" mzee anauliza.

"We baba," mama anacheka, "wewe ukija kuna mtu mtaa huu asiyejua?"

Miaka nenda miaka rudi, maneno ni hayo hayo. Hawakuwa watu wa kuitana mpenzi. Kikohozi na chai, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, na yaliwatosha.

Kisha mama akafariki. Matanga yakaisha, ndugu wakarudi makwao, masufuria ya watu yakarudishwa. Siku moja mzee akaenda mjini na kigari chake, akarudi jioni, akapinda ile kona ya mashine, kigari kikakohoa kama kawaida yake. Akaingia ndani. Jiko limepoa. Mzee wa watu akasimama pale jikoni, koti bado liko mwilini, akalia. Kesho yake hakukiwasha kigari, wala kesho kutwa. Ndugu zangu, mtu anaweza kuishi bila gari, wengi wetu hapa tunaishi. Lakini kuishi bila mtu wa kukusikia unakuja, hilo ni gumu, na kuna watu humu ndani wanalijua.

Basi kigari kikakaa. Binti yake aliyeolewa mji wa pili akija kumsalimu humwambia, "Baba, uza hicho kitu, nyoka watahamia." Mwisho mzee akakubali kwa shingo upande. Akachukua kipande cha ubao, akaandika kwa mkaa, akakitundika getini: KIGARI KINAUZWA. NI KIBOVU. ANUNUE MTU ATAKAYEKITENGENEZA.

Mtaa ukacheka. Nani anaandika "kibovu" kwenye tangazo la biashara? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki hata kujitembeza kilikuwa hakiwezi.

Hata hivyo wateja walikuja. Akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake begani. "Mzee, hiki nakipima kwa kilo." Mzee akamwonyesha geti. Akaja mwingine, anataka injini tu, aifungie pampu ya kumwagilia bustani. "Na kilichobaki?" mzee akauliza. "Kilichobaki si cha kuku? Wameshazoea." Na huyo naye akaonyeshwa geti. Binti yake alipopata habari akapiga simu akagomba, mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya mama," na hakubadili neno hata moja pale getini.

Ndipo akaja dada mmoja, fundi wa magari, mwenye gereji yake ndogo upande wa pili wa mji. Amevaa ovaroli, mikono ina grisi. Huyu alikuwa na ugonjwa wa kupenda magari ya zamani, kama wengine wanavyopenda mbuzi. Akamwamkia mzee, akakizunguka kigari, akalala chini kwenye majani akakitazama tumboni. Aliponyanyuka alikuwa anatabasamu.

"Baba, hiki kinaweza kurudi barabarani."

Mzee moyo ukamruka. Bei aliyotaja yule dada wala hakubishana nayo.

"Chukua, mwanangu. Ila nina sharti."

"Sema, baba."

"Siku kitakapotembea, upite nacho hapa kwangu. Kama una haraka usisimame. Pita tu, nikisikie."

Dada akashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Nitapita, baba. Na sitapita mara moja tu."

Vijana wa mtaa wakakinyanyua kigari wakakipandisha kwenye lori, kuku nyuma wanalalamika kama wenye nyumba waliofukuzwa. Angalieni hapo, wapendwa. Mzee hakumwambia yule dada anataka kusikia nini. Yeye alikuwa na sauti yake moja moyoni, akadhani kila mtu anaijua.

Toka siku hiyo mzee akahamishia kigoda chake getini. Kila jioni yuko pale, na Jumapili akitoka kanisani hata chakula hakili vizuri, anawahi kigoda. Sikio liko kwenye ile kona ya mashine. Lori likipita anainua shingo, anaishusha. Pikipiki ikipita, vivyo hivyo. Na chai alianza kuibandika mwenyewe, asije akakutwa hana. Chai inachemka, inakauka, anaongeza maji, inakauka tena. Alikuwa na hamu, ndugu zangu. Hamu ya kusikia ile kho-kho-kho mara moja tu, afumbe macho, na kwa dakika ile moja jikoni kuwe na mtu. Mtamlaumu?

Mvua zikaja, zikaisha. Mzee akaanza kunung'unika kwa majirani: "Watu wa siku hizi hawana neno. Yule dada amenila." Na kilichomuudhi zaidi ni kigari fulani cha bluu, kinang'aa, cha tajiri gani sijui, ambacho Jumapili hakikosi. Kikifika mbele ya geti lake kinapunguza mwendo, kinapiga honi. Mzee anavua kofia, anakipungia kiondoke. Honi ya nini mlangoni kwa watu? Jumapili moja kilisimama kabisa, jua limepiga kioo, dereva haonekani. Mzee akanyanyuka kwenye kigoda akafoka, "Pita, bwana! Pita! Unanizuia kusikia!"

Kigari cha bluu kikaondoka, na Jumapili iliyofuata hakikuja. Mzee akashukuru kwa utulivu.

Siku chache baadaye, mchana, anamwona yule dada fundi anakuja kwa miguu. Mzee hakungoja hata salamu.

"Wewe! Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tulikubaliana nini?"

"Baba, mimi ndiye nimekuja kukuuliza. Nimekukosea nini?"

"Hujapita! Nimekaa kwenye kigoda hiki mpaka kimenichubua. Hujapita hata siku moja!"

Yule dada akamtazama. Akaona mzee hatanii.

"Baba," akasema taratibu, "nimepita kila Jumapili tangu mvua zilipokatika. Nilipiga honi, ukanifukuza na kofia. Nikasema labda hajaniona, nikasimama kabisa, ukanifokea mbele ya watu."

Mzee akakaa chini. 

"Cha bluu?" akasema.

"Cha bluu, baba. Niliichuna ile rangi yote, nikakuta chini kilikuwa cha bluu tangu kiwandani, nikakipaka hiyo hiyo. Nilitaka ufurahi."

"Lakini hakikukohoa!"

"Kingekohoaje, baba? Kilikuwa kimepona."

Wapendwa, mnamwona huyu mzee? Ameshika kichwa. Kisha akasimama haraka, kama kijana, akatafuta kofia. "Kilete, mwanangu. Kilete leo hii. Nitakaa mbele, nitakaa nyuma, popote. Chai iko motoni."

Yule dada machozi yakamlengalenga. "Nimekiuza, baba. Nilijua hukitaki tena, nikaona uchungu kukipitisha hapa. Alikichukua mtu wa mbali, juzi. Kimeshavuka mpaka."

Habari yenyewe imeishia hapo. Mnanitazama kama niwaongezee. Siwezi kuwaongezea.

Sasa tuseme na sisi. Sisi ni nani katika habari hii? Mnapenda kuwa yule dada, nawaona. Hapana. Sisi ndio tunaokaa kwenye kigoda. Tunamletea Mungu vibovu vyetu, na hapo hatudanganyi, tunaandika kabisa kwa mkaa: Bwana, ni kibovu, kitengeneze. Tunamletea mume mlevi. Tunamletea kijana aliyeiba, dada aliyetukana ukoo mzima akaondoka. Tunafunga, tunalia, tunakesha. Halafu Mungu anafanya kazi. Anachuna, ananyoosha, anapaka upya. Anampitisha mtu yule mbele ya geti letu, amepona, na sisi tunamfukuza na kofia! Kwa nini? Tunasikiliza kikohozi. Mume amerudi nyumbani mapema, mke anamnusa mdomo. Kijana ameingia sebuleni, mama anahamisha pochi. Dada amepiga simu kuomba radhi, na sisi tunaulizana, "Huyu sasa anataka nini?" Tulimwomba Mungu amponye, lakini masikio yetu yamebaki yanamngojea mgonjwa.

Na sisemi kwamba mzee yule alikuwa mtu mbaya. Alipenda. Ile hamu yake ilikuwa hamu ya kweli, nami sitaicheka. Lakini alimtaka Mungu amrudishie jioni iliyokwisha kupita, na Mungu jioni ile alikuwa hana tena ya kumrudishia. Alichokuwa nacho ni kigari kizima na yule fundi mwenye moyo mwema, waliokuja mlangoni wakapiga honi. Yule dada angeingia akanywa chai. Nyumba ingekuwa na mtu.

Mnakumbuka ile wiki ya maombi, tulipoomba hapa hapa mpaka sauti zikakauka, tukitaja jina la ndugu yetu mmoja? Jina silitaji. Msigeuke! Nimesema msigeuke. Amekuja, wapendwa. Ni Jumapili ya ngapi sasa anakuja, amevaa shati safi, anakaa benchi la mwisho, na benchi lile anakaa peke yake. Nafasi kushoto, nafasi kulia, na hapa mbele tumebanana kama magunia.

Juma lijalo anaweza asije. Anaweza kuvuka mpaka.

Mimi naifunga Biblia yangu, na wimbo hatuimbi kwanza. Sasa ndiyo geukeni.