Panya wa Kizimba cha Mwisho

Mshindani hapimwi siku ya kushangiliwa. Hupimwa siku anapobwagwa chini. Diệu, mtafiti wa maabara moja jijini Hanoi, alibwagwa na virusi asivyoweza hata kuviona kwa macho.

Virusi hivyo huenezwa na mbu wa mashamba ya mpunga, vikapanda hadi kwenye ubongo. Ndivyo vilivyomwacha Ngân, binti wa dada yake, bila usemi, akilishwa uji kama mtoto mchanga. Miaka nenda miaka rudi, Diệu alitafuta dawa ya kuviua. Hatimaye akawaambukiza panya. Nusu akawapa dawa yake, nusu maji matupu. Hospitali ilikuwa ikisubiri jibu ianze kuwapa watoto dawa hiyo.

Panya waliopewa maji walikufa. Waliopewa dawa walikawia siku chache, ila wa kizimba cha mwisho; kisha nao wote wakatetemeka, wakapooza miguu, wakafa.

"Dada, wa kizimba cha mwisho tusiwahesabu, dawa ionekane inasaidia," alisema Khải, mwenzake kazini. "Walikuwa dhaifu toka mwanzo. Nani atauliza?"

"Juzi ulikuwa unawasifu kwa unene, Khải. Leo wamekuwa dhaifu?"

"Sasa dada yako utamwambia nini?"

Moyo wa Diệu ulikuwa mzito kama nanga. Hata hivyo, aliijulisha hospitali kwamba dawa haifai, watoto wasipewe. Kisha akampigia dada yake.

"Nimeshindwa, dada."

Dada yake akamuuliza, "Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza. Halafu urudi kwa hao panya wako."

Alikula, akarudi. Akawapasua waliokufa, wa kizimba cha mwisho wakiwamo, akachunguza ubongo wa kila mmoja. Katika waliopewa dawa, virusi vilikuwa vimekwisha. Kilichowaua ni uvimbe: kinga ya mwili iliendelea kupigana hata adui alipokwisha kuangamia, ikaiteketeza nyumba iliyokuwa ikiilinda.

Khải akakuna kichwa. "Na mimi nilitaka tuwatupe."

Jaribio lililofuata, Diệu aliongeza dawa ya kutuliza uvimbe. Wengi walikufa tena. Wachache wakapona, wakawa wanapanda nyavu za vizimba na kugombania punje.

Hilo halikumrudishia Ngân usemi, na dada yake hakudanganywa kwamba lingemrudishia. Lakini kwa mara ya kwanza virusi vile vilikuwa vimepata wa kupambana navyo. Ama kweli, asiyekubali kushindwa si mshindani.